Mnunuzi wa ufuta anataka nipakie kwanza, alipe baadaye

Ndugu, nimekuelewa: una tani 19 za ufuta, kontena moja la futi 20, na mnunuzi mliyekutana naye mtandaoni anataka upakie leo, akulipe siku 30 baada ya mzigo kufika. Usikubali. Mzigo ukishavuka bahari, kumfuata mtu huko ni gharama kuliko ufuta wenyewe.

Mwambie afungue LC, yaani ahadi ya benki yake kulipa ukiwasilisha hati zilizokubaliwa, na isiwe ya kufutika. Akikataa, dai malipo ya awali, salio alipe kabla hujaachia hati ya shehena (bill of lading), ile karatasi ya kampuni ya meli inayotumika kuchukulia mzigo bandarini. Hiyo ndiyo funguo ya mzigo, usiitume halisi kwa mtu hivi hivi.

Ila LC ina ukali wake. Benki haiangalii ufuta, inaangalia karatasi. Mimi niliwahi kukwama wiki mbili kwa sababu jina la kampuni kwenye cheti cha asili, kinachoonyesha nchi mzigo ulikotoka, lilikosa herufi moja! Soma rasimu ya LC neno kwa neno kabla ya kupakia.

Bei mliyokubaliana ni FOB au CIF? Kwa FOB, wewe unaishia kupakia mzigo melini, nauli ya meli ni ya mnunuzi. Kwa CIF, nauli ya meli na bima ni juu yako.

Cheti cha afya ya mimea kitolewe kabla meli haijaondoka. Unyevu na sumukuvu pima maabara mapema. Mkataba mpe mwanasheria wa biashara, hasa kipengele cha nani anaamua ubora.