Ukisimamia mafundi na wafagizi wa chuo, habari zao usiache zijitembeze zenyewe

Hii naiandikia masupavaiza wenzangu wa idara za majengo vyuoni hapa Uganda, hasa nyinyi mliopewa timu juzi juzi na bado mnajiuliza muanzie wapi. Mimi nilipopewa yangu niliambiwa habari za stoo, habari za jenereta, nani anasaini mafuta, ufunguo wa tenki la juu unakaa kwa nani, lakini habari za watu wenyewe hakuna aliyeniambia hata moja. Niliingia kwenye hii kazi kama msaidizi wa fundi umeme, nikapanda pole pole, na sasa nina watu kama 60 ukihesabu mafundi, wafagizi, watu wa bustani na askari wa mageti, na ninachotaka kuwaambia nilijifunza kwa kumuumiza mtu.

Kulikuwa na mama mmoja anafagia jengo la madarasa, ghorofa ya tatu. Wale wanaingia saa kumi na moja alfajiri ili wanafunzi wakifika wakute sakafu imekauka. Siku moja hakuja, ya pili hakuja, ya tatu, ya nne, na mimi kila asubuhi navuta mstari mwekundu kwenye rejista bila kuuliza mtu. Siku ya tano nikamkuta kwenye ngazi amejifunga kitenge kichwani, anakamua mopu kwenye ndoo kama kawaida yake, nikamuuliza kwa sauti ya ukali, mama ulikuwa wapi siku zote hizi? Akaweka mopu chini taratibu, akafungua kile kitenge, kichwa kimenyolewa chote. Akaniambia, "Nilienda kuzika mama yangu, mwanangu."

Kumbe alikuwa ametoa taarifa. Ana kasimu kadogo ka batani, hayuko kwenye grupu la WhatsApp, kwa hiyo usiku ule aliopata habari alipita getini akamwambia askari wa zamu, nisaidie umwambie supavaiza. Askari alikuwa anamaliza zamu akaenda kulala, ujumbe ukaishia palepale. Na ile kampani ya usafi iliyokuwa imemwajiri ikaona mistari yangu myekundu ikamkata siku nne. Nauli ya kwenda kuzika alikuwa amekopa kwa mtu wa riba. Halafu wiki hiyohiyo, na hii ndiyo ilinikosesha usingizi, kwenye grupu letu sote tulikuwa tunampongeza injinia mmoja kwa kwanjula ya binti yake, ile sherehe ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi, mapicha, magomesi, keki, meseji hazihesabiki, na mimi mwenyewe niliandika ya kwangu ndefu.

Kwa hiyo jambo la kwanza nakwambia ni hili. Habari za wakubwa zina miguu, zinafika zenyewe. Za mfagizi wa alfajiri hazina miguu, lazima kuwe na mtu wa kuzibeba, na huyo mtu ni wewe supavaiza mpaka utakapompata mwingine wa kukusaidia.

Mimi nilianza na ubao. Kuna darasa lilikuwa linabadilishiwa ubao, ule wa zamani wa chaki ukawa unatupwa, nikauchukua nikaupiga misumari kwenye mlango wa stoo. Sio mlango wa ofisi, naomba uelewe hapo, kwa sababu ofisini kuna watu hawafiki mwaka mzima, lakini stoo kila mtu anapita, huyu anafuata sabuni, huyu gamubuti, huyu panga la kukatia majani, huyu balbu. Nikaandika juu HABARI ZETU na chini yake nani amefiwa, nani amejifungua, nani mtoto wake amefaulu, nani anaenda likizo na nani anashika nafasi yake. Wiki ya kwanza watu walipita tu wakiangalia kwa pembeni. Wiki ya pili askari mmoja kutoka Arua akaja mwenyewe akaniomba chaki, mke wake alikuwa amejifungua mapacha.

Lakini ubao peke yake hautoshi, kuna wasiosoma vizuri na hawatakwambia. Ndiyo maana saa moja kamili asubuhi, pale askari wa usiku wanapokabidhi na mafundi wanapofika, tunasimama mbele ya stoo dakika tano tu, mtu anasoma ubao kwa sauti. Usilifanye refu. Ukianza kuweka na makaripio ya kazi hapo, nani alichelewa, nani alipoteza spana, watu watakimbia. Makaripio yawe ofisini na mlango umefungwa, zile dakika tano ziache ziwe za watu.

Lugha ilitusumbua mwanzoni. Nina mafundi wa Tororo na Busia, fundi umeme wa Lira, askari wengi wa West Nile, kijana Mnubi wa Bombo, wafagizi karibu wote Waganda. Nikasema tutumie Kiswahili. Kwa haki kabisa kuna wazee hapa ambao wakisikia Kiswahili wanakumbuka wanajeshi na vizuizi vya barabarani vya miaka ile, na sikutaka kuwalazimisha, sheria ni sheria na kumbukumbu ya mtu ni kumbukumbu yake. Ni lugha rasmi ya pili tangu marekebisho ya katiba ya 2005, na Julai 2022 baraza la mawaziri lilipitisha kitumike rasmi, lakini mzee aliyepigwa kitako cha bunduki hutamwambia mambo ya katiba. Tukafanya hivi, anayesoma anasoma Kiswahili, halafu mama mmoja anarudia kwa Luganda. Sasa wale wazee ndio wanamsahihisha msomaji akikosea jina la mtu. Ukiwa Gulu au Mbarara utapanga kwa namna yako, ila usisome Kiingereza tupu halafu ukadhani umewaambia watu.

Haya, mfuko. Hapa ndipo idara nyingi zinavunjika, nimeona kwa macho. Hapa Buganda watu wana munno mukabi zao kijijini, vile vikundi vya kusaidiana, wanajua kuchangiana kwenye msiba, kwa hiyo wazo sio geni kwa mtu yeyote, tatizo ni nani anashika hela. Usishike wewe. Hata kama wewe ni mwaminifu kuliko wote, usishike, maana siku moja mtu atanyimwa ovataimu na atasema hela ya msiba umekula. Sisi tuna watu watatu, mmoja wa mafundi, mmoja wa wafagizi, mmoja wa askari, na hela haitoki mpaka wote watatu wasaini kwenye kaunta buku. Kila mtu elfu tano kwa mwezi, watu 60 ni laki tatu. Habari ya msiba ikifika, saa hiyohiyo tunatuma elfu hamsini kwenye simu ya mfiwa, kabla ya kikao, kabla ya kuuliza maswali, kwa sababu mtu aliyefiwa kitu cha kwanza anachotafuta ni nauli na akikosa kwetu anaenda kwa yule mtu wa riba. Mengine, mchele, sukari, gari la kutupeleka maziko, tunapanga baadaye.

Tuligombana sana juu ya nani anahesabika kuwa mzazi. Fundi mmoja alizika "mama" mara mbili ndani ya mwaka mmoja, watu wakaanza kunong'ona, kumbe wa pili ni mama yake mdogo aliyemlea tangu ana miaka miwili, na wa kwanza ndiye aliyemzaa. Utamwambia nini mtu kama huyo? Kwetu mtu ana mama wengi na wote ni mama kweli. Tukakaa Jumamosi moja chini ya mfenesi nyuma ya stoo, tukabishana kutoka saa nne mpaka chai ikapoa, tukakubaliana kila mtu aandike majina matano kwenye kitabu, yeyote anayemtaka, mwenzi, mtoto, aliyemzaa, aliyemlea, na hayo ndiyo tunayoyazika kwa mfuko. Tangu siku hiyo sijasikia ugomvi wa hivyo. Kama unaanza leo, fanya hilo kabla hamjachanga hata shilingi.

Ugonjwa ni jambo lingine kabisa. Nilikosea hapa pia. Kijana wa bustani alilazwa, nikasimama asubuhi nikataja ugonjwa wenyewe, nia yangu ilikuwa tumuombee. Alivyorudi hakunisemesha miezi miwili na alikuwa na haki. Habari ya ugonjwa haiandikwi mpaka mwenyewe aseme iandikwe, na hata akikubali unaandika "anaumwa, yuko nyumbani, anapenda kutembelewa" au "hapendi kutembelewa kwa sasa", basi, jina la ugonjwa sio la kwako.

Ubao pia uwe na haki za watu, sio misiba na sherehe tu. Nilishangaa wangapi hawajui kwamba sheria ya ajira ya 2006 inampa mfanyakazi siku saba za likizo ya malipo kwa kila miezi minne, yaani 21 kwa mwaka. Yule mama wa ghorofa ya tatu alikuwa na siku zake hajazigusa, akakatwa nne bure! Tuliandika barua kwa ile kampani, tukazifuatilia mpaka zikarudi. Na NSSF, ule mfuko wa akiba ya uzeeni, mwajiri anaweka asilimia 10 na wewe unakatwa 5, muulize kila mtu wako kama ameshawahi kuangalia salio lake. Tulipoanza kuulizana pale stoo tukakuta wafagizi kadhaa wanakatwa kwenye karatasi ya mshahara lakini hela haionekani kwenye akaunti, miezi na miezi. Usifikiri hao wa kampani sio wako kwa sababu hawamo kwenye orodha ya chuo. Wanafagia ngazi unazopanda. Tangu mabadiliko ya 2022 pia, aliyefikisha miaka 45 na amechangia miaka kumi anaweza kutoa asilimia 20 ya akiba yake, nina watu watatu wamejengea vyumba vya kupangisha, mmoja alinunua boda ikaibiwa mwezi wa pili, kwa hiyo kabla mtu hajatoa kaa naye mzungumze.

Kitu kingine tulichoandika kwenye ubao, pembeni kabisa, ni nani yuko zamu usiku na namba ya fundi anayejua swichi kubwa ya kila jengo. Jengo kuu la Makerere lilipoungua usiku wa kuamkia 20 Septemba 2020, sisi wa vyuo vingine asubuhi ile tulisimama stoo kimya, halafu mtu akauliza, kwetu ikiwaka usiku nani anajua pa kuzimia? Tukatazamana. Walijua wawili, na mmoja alikuwa amebakiza miezi minane astaafu.

Huyo ndiye mzee wa bomba, na nataka kumaliza na yeye kwa sababu kuaga wastaafu kwenye idara zetu tunafanya vibaya mno. Tunampa mtu soda, kuku, saa ya ukutani, hotuba mbili, anaondoka na chuo kizima kichwani mwake. Michoro ya mabomba yetu ilishapotea zamani, hakuna ramani, kuna yeye tu. Safari hii tukasema sherehe itakuwepo lakini kabla yake tutembee naye. Siku tatu. Mzee mbele na fimbo yake, vijana wawili nyuma na kaunta buku, anasimama anasema hapa chini kuna vavu ya chuma, inafungwa kwa kuzungusha kinyume, msiilazimishe, niliiweka mimi mwaka wa kwanza wa kazi. Anachimba kidogo kwa ncha ya fimbo na kweli kifuniko kinatokea, kimejaa udongo na kinyesi cha makaloli, wale ndege wakubwa wa jalalani. Kila kituo ana hadithi, hapa fulani aliteguka mguu, hapa tulikula fene siku maji yalipokatika wiki nzima. Vijana waliandika vyote, vavu na hadithi. Siku ya sherehe tulisoma kile kitabu kwa sauti mbele ya mke wake, naye akasema hajawahi kujua mume wake alikuwa anafanya kazi gani hasa, alikuwa anaona tope kwenye nguo tu.

Miezi michache baada ya sherehe bomba lilipasuka karibu na hosteli ya wasichana saa tano usiku. Kijana akafungua kitabu, akaenda moja kwa moja, akazungusha kinyume, maji yakakatika. Asubuhi nikampigia mzee kijijini kwake Luwero nimwambie kazi yake imetuokoa, nikadhani atataka kusikia habari za vavu. Aliniuliza kama mkono wa fundi wa Lira umepona, kama wale mapacha wameanza kutembea, na kama yule mama wa ghorofa ya tatu alishamaliza deni la yule mtu wa riba. Nikatembea na simu mpaka mlangoni kwa stoo, nikamsomea ubao wote kutoka juu mpaka chini, na eataimu ilipokata alinipigia yeye nimalizie.