Kupokea simu za wanaume wanaopigwa nyumbani: mpiga simu haanzi na lililomleta

Assalaam alaykum. Muuliza swali kasema kikundi chao cha Wete, Pemba, kina simu mbili na wapokeaji sita, wanataka kuwasaidia wanaume wanaopigwa na kudhalilishwa na wake zao, na anaogopa mpokeaji asije akasema neno la kumvunja mtu. Hofu hiyo ni ya haki, kwa hivyo nitajibu kwa urefu.

Mwanamme hapigi simu akasema "napigwa". Atauliza habari ya talaka au ya kiwanja, au atasema kuna rafiki yake ana shida. Mjibuni hilo alilouliza, kisha mmuulize, "Na nyumbani hali ikoje?" na mnyamaze. Sekunde kumi na tano za kimya kwenye simu ni nyingi, na mpokeaji mgeni hukimbilia kuzijaza maneno. Asizijaze, maana hapo ndipo mtu anapokusanya nguvu za kusema.

Kabla ya yote, usalama. Yuko peke yake? Spika imefungwa? Ulizeni kwa namna atakayoweza kujibu ndiyo au siyo tu. Kubalianeni naye neno la kujifichia: akianza kuuliza bei ya karafuu, mpokeaji ajue kuna mtu kaingia, naye aendelee na karafuu mpaka simu ikatwe. Msimpigie tena bila ya kukubaliana saa, wala msimtumie ujumbe. Mkumbusheni afute namba yenu, maana simu ya mume mara nyingi inashikwa na wawili.

Maneno ya kuepuka: "mwanamme mzima umeshindwaje?", "ulimkosea nini?" na "subiri, ndoa ni sitara". Hilo la tatu ndilo baya zaidi, kwa sababu husemwa kwa nia njema. Semeni: "Nimekusikia. Hakuna kosa la nyumbani ambalo malipo yake ni kupigwa."

Sasa sehemu ngumu. Si kila anayejiita mwenye kuonewa ndiye. Uingereza laini za namna hii zimelizoea jambo hili, na wapokeaji wao hufundishwa kupambanua. Ombeni asimulie tukio la mwisho kwa mpangilio: lilianzaje, nani alifanya nini, nani aliumia, kisha ikawaje. Muulizeni nani anamuogopa nani, na yeye ameacha kufanya nini kwa sababu ya hofu. Mwenye kuonewa aghalabu hupunguza mambo na kujilaumu. Anayeonea hukaa kwenye makosa ya mke na kujihesabia haki. Hizi ni ishara, si hukumu. Lakini anayetaka mumsaidie kujua mke amekimbilia wapi, simamisheni hapo hapo. Na kama mke naye amewahi kuwapigia simu, msilithibitishe wala msilikanushe. Mume apokewe na mpokeaji mwengine, si yule aliyempokea mke.

Ulizeni waziwazi kuhusu kukabwa shingo, silaha, maji au mafuta ya moto, na kama anafikiria kujiua. Kuuliza habari ya kujiua hakumpi mtu wazo hilo. Aliyekabwa akawa na sauti ya kukwaruza, au anameza kwa shida, au ana vidoa vyekundu machoni, aende hospitali siku ile ile hata kama shingo haina alama, kwani uvimbe unaweza kuja baadaye. Aliyemwagiwa cha moto aweke jeraha chini ya maji baridi yanayotiririka dakika 20, asipake dawa ya meno.

Ushahidi: picha ya karibu, kisha ya mbali inayoonesha uso, siku ile na tena baada ya siku mbili au tatu, kwa sababu alama za damu iliyovilia huonekana zaidi baadaye. Aandike tarehe, saa na maneno yaliyosemwa. Kwa polisi aombe PF3, yaani fomu ya polisi ya matibabu, daktari aijaze. Vituo vya Mkono kwa Mkono, kama cha Mnazi Mmoja na cha Chake Chake, vinakutanisha daktari, polisi na mshauri mahali pamoja. Watu huvidhania vya wanawake na watoto tu, basi mwambieni mapema ili asigeuke mlangoni. Mtoto akiwa hatarini ni 116. Hatari ya sasa hivi, 112.

Kuondoka kupangwe kimya, maana siku za kuondoka ndizo za hatari zaidi. Akiwa anaishi ukweni, atakayetoka ni yeye. Aweke kwa ndugu anayemuamini kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi, cheti cha ndoa, nakala za vyeti vya watoto, dawa zake na nauli ya boti. Msimuahidi pa kulala ambapo hamjapathibitisha.

Msiharakishe suluhu ya wazee. Kumkalisha mbele ya mkewe asimulie anavyopigwa, kisha warudi chumba kimoja usiku ule ule, ni kumtia hatarini. Kupiga ni jinai, ni kazi ya polisi. Kwa kadhi hupelekwa ndoa, talaka na matunzo.

Na akiuliza kama talaka aliyoitamka akiwa na hasira imepita, msimjibu ndiyo wala siyo. Mwambieni ayaandike maneno yake kama alivyoyatamka, na siku aliyoyasema, ampelekee kadhi.