Klabu Ikikuumiza Roho, Usimalizie Hasira kwa Straika

Kila dirisha la usajili likifungwa huku Kisumu kelele ni ile ile. Kondele, Nyalenda, stendi ya mabasi, kwa kinyozi, kila mahali mtu anauliza mbona tumeachilia huyu, mbona tumeleta yule, mbona namba tisa ameenda bure na sisi tumebaki na vijana wawili hatujawahi kuwaona wakigusa mpira. Mimi nashabikia moja ya hizi klabu za jamii, zile ambazo mali ni ya wanachama. Jina naliweka kando kwa sababu nitasema mambo ya ndani na sitaki ionekane nimekuja kumchafua mtu. Nimekaa kwa kamati ya branchi yetu, yaani tawi la mashabiki, muda mrefu, nimechangisha, nimetafuta basi, nimekaa kwa mikutano inaenda hadi usiku, na kuna vitu nimeona ambavyo naamini mtu anayeumia na timu yake anafaa kuvijua.

Cha kwanza kabisa, mchezaji muache.

Tulikuwa na winga hapa, kijana wa mbio, alituinua misimu miwili. Siku moja tukaskia amesaini kwingine na klabu haijapata hata shilingi. Mitandaoni watu walimtukana hadi mamake. Sisi wa branchi tukaenda kuuliza, kumbe kijana alikuwa hajalipwa miezi, landlord wake Manyatta ameshafunga nyumba na kufuli, na amekuwa akikopa nauli ya kwenda mazoezi. Sasa hebu niambie angefanya nini. Na sheria iko upande wake: tangu 2018 kanuni za FIFA za uhamisho zinasema mchezaji akinyimwa mishahara ya miezi miwili bila sababu, anaiandikia klabu barua, anaipa angalau siku 15 ilipe, na isipolipa anaweza kuvunja mkataba aende. Hakuna cha msaliti hapo. Ukiskia mchezaji mzuri "ametoroka" katikati ya msimu, swali la kwanza kwa mwenyekiti liwe alilipwa lini mara ya mwisho, na ulitake jibu lenye tarehe.

Kuna ile nyingine pia watu hawaijui. Mkataba wa mchezaji ukibakisha miezi 6, anaruhusiwa kuanza kukubaliana na klabu nyingine na kusaini mkataba wa mbele, utakaoanza huu ukiisha. Kwa hivyo straika akiondoka bure mwezi wa sita, hiyo kitu iliharibika kitambo, pengine Disemba, wakati sisi wote tulikuwa tunaimba jina lake uwanjani na hakuna mtu ofisini alikuwa amefungua faili aone mkataba wake unaisha lini. Mimi siku hizi nauliza hilo swali moja kuliko yote: ni mikataba ya wachezaji gani inaisha msimu huu, na mazungumzo yamefika wapi. Ni swali dogo lakini linawatoa jasho, na ukiona katibu anaanza kukueleza mambo ya umoja na upendo badala ya kutaja majina, jua hajui.

Sasa tuje kwa kocha, na hapa najua wengine hamtapenda.

Sisi mashabiki tukipoteza mechi tatu tunaimba kocha aende. Ofisi inatuskia haraka sana kwa hilo, kwa sababu kumfukuza kocha ndio kitu rahisi zaidi wanaweza kutufurahisha nacho. Anafukuzwa, mkataba wake ulikuwa na mwaka mzima umebaki, hawamlipi. Kama ni wa kigeni anapeleka kesi FIFA, anashinda, klabu inaambiwa ilipe, haina, na ikishindwa kulipa inafungiwa usajili. Dirisha linafuata, kocha mpya anataka beki wa kati, hawezi kupata, timu inapoteza, na sisi tunaimba tena kocha aende. Gor Mahia na AFC Leopards wote wawili wameshawahi kufungiwa kusajili kwa sababu ya madeni ya wachezaji na makocha, sio siri, na sidhani wao peke yao ndio wako na hiyo shida kwa ligi yetu. Kwa hivyo kabla ujiunge na wimbo wa kufukuza, uliza kumfukuza kutagharimu pesa ngapi na zitatoka wapi. Kama jibu hakuna, basi mnapanga kufungiwa bila kujua.

Angalia K'Ogalo wenyewe, yaani Gor Mahia. Walikaa bila ligi kutoka 1995 hadi 2013, miaka 18, watu wamezaliwa na kumaliza shule ya upili hawajaona kombe. Halafu wakachukua 2013, 2014 na 2015 mfululizo, na 2015 hawakupoteza hata mechi moja ya ligi. Katikati hapo kocha alibadilika, Bobby Williamson akaondoka, Frank Nuttall akaingia, lakini kulikuwa na watu wamebaki, golini Jerim Onyango, nyuma Musa Mohammed, na mbele 2015 wakamuongeza Michael Olunga. Mimi nasoma hapo kwamba kikosi kikibaki pamoja, benchi inaweza kubadilika na bado mshinde. Kikosi kikivunjwa kila mwaka, lete kocha yeyote duniani.

Na pesa ikikauka hakuna anayekaa. Agosti 2019 SportPesa, ile kampuni ya kubeti, walipositisha udhamini wao wa michezo Kenya baada ya ile vuta nikuvute ya leseni na serikali, klabu zetu kubwa zilibaki bila mkono wa kushika. Watu wa Ingwe, yaani AFC Leopards, wanajua hiyo njaa zaidi, kombe lao la mwisho la ligi ni la 1998 na bado wanajaza uwanja wa Bukhungu wakienda Kakamega. Hao watu nawaheshimu sana. Klabu inayotegemea mdhamini mmoja, siku ile anaondoka unaona wachezaji wanaenda Tanzania na kwingine mmoja mmoja na huna la kuwaambia.

Hapa ndio nafika kwa kitu kinachoniuma zaidi kuliko matokeo yenyewe, jameni. Kuna pesa klabu zetu zinaacha mezani. Mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja hadi nyingine kabla mkataba wake uishe, asilimia 5 ya hiyo bei inagawanywa kwa klabu zote zilizomlea kati ya miaka 12 na 23. Sio mara moja, ni kila anapouzwa hivyo. Fikiria mchezaji kama Olunga, ametoka hapa akaenda Sweden, China, Uhispania, Japani, Qatar. Sasa fikiria vijana wangapi wanatoka shule kama Kakamega School, Musingu, St. Anthony's Kitale, wanapitia timu ndogo za mtaa Nakuru na Kisumu, wanacheza na jezi ya kuazima bila kusajiliwa popote, na siku wakifika Ulaya hakuna karatasi ya kuonyesha walikuwa wetu. Usajili wa wachezaji unafanywa kwa mfumo wa FIFA Connect kupitia FKF, shirikisho letu la soka. Kama timu yako iko na vijana, enda uulize wamesajiliwa, na tarehe gani. Timu ya mtaa ikiwa na ushahidi huo inaweza kulipwa pesa ya kununua jezi na mipira ya miaka mingi. Na mkiuza mchezaji, ulizeni kama mkataba umeweka asilimia ya mauzo ya baadaye. Mara nyingi wakubwa wetu wanafurahia ile pesa ya mkononi leo, wanasaini, wanapiga picha, imeisha hivyo.

Lakini utauliza ukiwa nani? Hapo ndio tatizo letu liko.

Mashabiki wengi wa hizi klabu za jamii sio wanachama. Wako na jezi, wako na tatoo, wanaweza kukwambia kikosi cha 1987 kilichotoka sare na Espérance ya Tunisia, 2-2 kule na 1-1 Kasarani, Gor wakabeba kombe la washindi Afrika kwa mabao ya ugenini, lakini jina lao haliko kwa rejista. Siku ya uchaguzi wanasimama nje ya geti. Kwa branchi yetu, watu wa kupiga kelele wanajaza ukumbi, na wenye kadi iliyolipiwa tulipohesabu wangetoshea matatu moja. Kwa hivyo wale wanaochaguliwa wanajua vizuri kabisa ni nani wa kuogopa, na sio wewe. Ada ya uanachama kwa kawaida ni kidogo kuliko tunachotumia kwa safari moja ya kwenda Nairobi kuona mechi. Lipa, chukua risiti, hakikisha jina lako limeandikwa sawa na kitambulisho kwa sababu nimeona watu wakirudishwa getini kwa herufi moja, halafu omba nakala ya katiba ya klabu. Isome mahali inasema mkutano mkuu uitwe lini, hesabu zisomwe lini, na wanachama wangapi wanaweza kuitisha mkutano wa dharura. Hiyo ya mwisho ipigie mstari.

Wale wenzangu wa Manchester United na Chelsea nawahurumia kweli. Familia ya Glazer ilinunua United 2005 na mtu wa Kisumu anaweza kukasirika hadi kesho, hana kura. Hata hivyo hata huko, Aprili 2021 klabu 12 kubwa za Ulaya zilipotangaza ile Super League, ligi yao ya kujitenga, mashabiki wa Uingereza walitoka barabarani na klabu zote 6 za huko zikajiondoa ndani ya siku chache. Ujerumani nao wako na ile kanuni ya 50+1, wanachama wabaki na kura nyingi. Sisi huku tuko karibu na hiyo ya Ujerumani kuliko tunavyofikiria, klabu ni yetu kwa karatasi, tumekataa tu kuishika.

Juu ya michango. Iko siku tulichanga ya kusaidia kuleta straika, pesa ikapelekwa kwa mtu mmoja ofisini, straika hakuja na hesabu haikusomwa. Branchi ilikaribia kuvunjika. Mchango uliofuata, mama mmoja wetu anayeuza samaki Kibuye alisimama akasema yeye atatoa lakini hatoi mkononi. Kijana wa ofisi akamuuliza, "Mama, kwani hutuamini?" Akamjibu, "Nakuamini mwanangu, lakini nionyeshe hoteli vijana watalala niende nilipe mwenyewe." Tukafanya hivyo. Chakula na malazi tulilipa moja kwa moja, risiti tukapiga picha tukaweka kwa kundi la WhatsApp, na michango ikaongezeka kwa sababu kila mtu anaona shilingi yake imeenda wapi. Tangu hapo hatutumi pesa bila kazi yenye jina, na wakikataa hiyo njia, tunarudishia watu pesa zao.

Kuna wanaosema tususie mechi. Omera, mimi siungi mkono, kwa sababu pesa ya geti ndio mara nyingi inalipa marupurupu ya vijana wiki hiyo, ukiikata unamuumiza kipa kabla ya mwenyekiti. Kurusha mawe na kuingia uwanjani ni mbaya zaidi, klabu inapigwa faini, mnaweza kuchezeshwa bila mashabiki, na ile pesa ya kumlipa beki inaenda kwa faini. Ingia, lipa tiketi, imba, halafu shida yako na ofisi uipeleke kwa ofisi. Na kubeti mechi ya timu yako ukiwa na hasira, acha kabisa, nimeona nyumba zikiharibika.

Ukiandika barua, andika fupi, wanachama wenye kadi watie sahihi na namba zao za uanachama, nakala moja ipigwe muhuri na tarehe siku mnaipeleka. Usimtukane mtu ndani yake. Barua yenye matusi inawapa sababu ya kujadili adabu yenu badala ya swali lenu, nimeona ikitendeka na ile siku yote ikapotea hivyo. Sisi yetu ya msimu huu iko na maswali manne: mikataba inayoisha, madeni ya mishahara na kesi zilizoko FIFA, nani anaamua mchezaji asajiliwe kati ya kocha na kamati, na vijana wa timu ya chini wamesajiliwa au la. Tumeomba jibu kabla dirisha lifunguke. Wasipojibu, tayari tunakusanya sahihi za mkutano wa dharura kutoka branchi za Nakuru, Eldoret na Kakamega, na kama uko moja ya hizo na kadi yako imelipiwa, leta namba yako kwa katibu wa branchi wiki hii.