Tazama Soli Kwanza: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Skeiti za Kufunga Kwenye Viatu vya Kawaida

SWALI: Shikamooni. Kwenye duka la mitumba hapa Minneapolis nimepata skeiti za barafu za zamani, chuma kitupu, hazina kiatu. Mbele zina vibano viwili vya kushika soli, nyuma vingine vya kushika kisigino, na pembeni kuna kichwa cha skrubu cha mraba, ila ufunguo wake haupo. Nimezikaza kwenye buti langu la kazi kwa koleo zikashika vizuri. Nilipopiga hatua mbili barafuni, kisigino kikachomoka. Nimekosea wapi?

JIBU: Marahaba. Kosa kubwa si la mkono wako, ni la buti. Skeiti za vibano zilitengenezwa wakati kiatu cha kawaida kilikuwa na soli ya ngozi ngumu, ukingo wake umetokeza nje kidogo kuzunguka kiatu kizima, na kisigino cha tabaka za ngozi zilizopigiliwa misumari, kuta zake zimesimama wima. Taya la kibano huuma ukingo ule. Buti la kazi la siku hizi lina soli ya mpira unaobonyea. Jino la kibano linazama, unahisi limeshika, kumbe limeusukuma mpira pembeni tu. Ukija kuegemea ubavu wa bapa, kile chuma cha chini kinachoteleza barafuni, ili ujisukume, mpira unanyumbuka na taya linaachia.

Lipime buti kabla ya kuhangaika tena. Bonyeza ukingo wa soli kwa ukucha wa kidole gumba. Ukucha ukizama na alama ikajifuta yenyewe, buti hilo halifai kwa vibano, hata ukaze namna gani. Kisha geuza buti utazame kisigino kwa ubavu. Kikiwa kimepanuka chini au kimeinama kama mteremko, taya litapanda mteremko huo na kutoka. Kinachotakiwa ni kiatu cha kushonwa chenye soli ya ngozi na ukingo unaoonekana ukikitazama kwa juu. Fundi viatu anaweza kukuwekea soli ya ngozi kwenye buti la zamani, lakini mwambie kabisa kazi yake ni nini, ili kisigino akifunge kwa skrubu kutoka ndani na si kwa gundi na misumari mifupi. Wajerumani walizibatiza skeiti hizi jina la Absatzreißer, yaani ving'oa visigino, na hawakuzionea: kibano kilichokazwa barabara hung'ang'ania kisigino mpaka kisigino chenyewe kibanduke kwenye kiatu.

Sasa ufunguo. Achana na koleo. Linakula pembe za kile kichwa cha mraba, na zikishaliwa hata ufunguo halisi hautashika. Pima upande wa mraba kwa rula, kisha tafuta ufunguo wenye tundu la mraba la kipimo hicho. Ufunguo wa skeiti za zamani za magurudumu mara nyingi huingia, na wakati mwingine hata ule wa kutolea hewa kwenye redieta za nyumbani.

Kwa aina nyingi, skrubu hiyo ina hesi za pande mbili: nusu moja inakwenda kulia, nusu nyingine kushoto. Ndiyo maana ukizungusha ufunguo mmoja, mataya yote mawili yanakaribiana kwa pamoja na bapa linabaki katikati ya soli. Hesi zikiwa na kutu upande mmoja, taya moja litagoma na lingine litakwenda, na bapa litahamia pembeni ya mguu. Loweka sehemu hiyo kwenye mafuta ya taa usiku kucha, sugua kwa brashi ya waya, kisha zungusha robo mzunguko mbele, robo nyuma, mpaka ilainike. Usipige nyundo. Chuma cha zamani kilichogandishwa na baridi hukatika.

Unapofunga, vaa buti kwanza na uibane gidamu yake, maana mguu ukiwa ndani soli hupanuka kidogo. Kaa chini. Ingiza kisigino mwanzo, ukisukume mpaka kigote nyuma, ukaze vibano vya nyuma. Kisha weka mataya ya mbele pale soli ilipo pana zaidi, chini ya kifundo cha kidole gumba. Ukiyaweka mbele zaidi, karibu na ncha, soli inapungua upana na mataya yatateleza kuelekea vidoleni. Kaza kwa zamu, kidogo mbele, kidogo nyuma. Halafu shika bapa kwa mikono miwili ulizungushe kama unayekamua nguo. Likicheza hata kidogo, usisimame. Pitisha pia mkanda mmoja wa ngozi wenye bizimu juu ya mguu, kupitia chini ya bamba la skeiti. Mkanda huo hauzuii kibano kuachia. Unazuia chuma kisikuruke na kumkata mtu.

---

SWALI: Naishi Uholanzi, jimbo la Friesland. Mama mkwe amenipa skeiti za mbao zenye bapa refu chini. Zina kipande cha ngozi mbele, kingine nyuma, na utepe mrefu wa kufungia. Nikilegeza, mguu unayumba; nikikaza, baada ya dakika ishirini sihisi vidole. Kuna njia ya katikati?

JIBU: Ipo, dada, na inaanzia kwenye kiatu, kama kwa msomaji wa Minneapolis ila kwa sababu tofauti. Ule ubao ni tambarare, hauna shimo la kisigino. Ukivaa buti lenye kisigino, katikati ya mguu kunabaki uwazi na buti linabembea mbele na nyuma kama mtumbwi. Hapo ndipo mtu hukaza kupita kiasi, akitafuta uthabiti ambao utepe hauwezi kumpa. Vaa kiatu chepesi, cha chini, chenye soli tambarare na nyembamba inayogusa ubao mwanzo hadi mwisho.

Kisha ujue kila kipande kina kazi gani. Ngozi ya mbele inazuia mguu usisogee kushoto na kulia, kwa hiyo ndiyo ya kukazwa zaidi, na ikae nyuma ya mashina ya vidole, pale mguu ulipo na mfupa mpana. Ikikaa juu ya vidole vyenyewe, hiyo ndiyo ganzi yako. Ngozi ya nyuma inazuia kisigino kisirudi nyuma na kisinyanyuke sana. Utepe unaopanda kutoka nyuma upishane juu ya mguu, uzunguke kifundo mara moja, ufungwe upande wa nje kuelekea mbele. Fundo likikaa ndani litasugua mguu wa pili kila hatua. Hapo kifundoni acha nafasi ya kidole kimoja kupita. Mshipa wa damu umepita karibu na ngozi.

Ukishateleza kama dakika kumi, simama ufunge upya. Kiatu kitakuwa kimekaa na utepe umelegea, na fundo la pili ndilo linalodumu. Utepe wa pamba uliosokotwa unashika fundo vizuri kuliko wa nailoni, ambao huteleza. Mkanda wa ngozi nao ukilowa unarefuka, kisha unaganda na kuwa mgumu kama mti, usiweze kuufungua kwa vidole vyenye baridi. Vidole vikianza ganzi, legeza papo hapo. Kupiga mguu chini hakusaidii kitu, damu imezuiwa juu.

Kwenye mitumba ya huko utakutana pia na skeiti za mbao zenye skrubu iliyochomoza pale kisigino kinapokaa. Hizo zinahitaji buti lenye kisigino kigumu, na kinatobolewa kwa kekee katikati kabisa. Tundu likikosea nusu sentimita, bapa zima linakwenda upande. Unaweka skrubu tunduni, kisha unaizungusha skeiti yenyewe mpaka ikaze na ncha yake ielekee mbele sawasawa na kidole cha kati. Ikikaza ikiwa imeelekea pembeni, usiilazimishe kurudi. Itoe, ongeza kina cha tundu kidogo, uanze tena. Pima urefu wa skrubu kabla, usije ukatoboa mpaka unyayoni. Na visigino vingi vya leo ni plastiki yenye uwazi ndani, skrubu haipati pa kuuma. Tundu likilegea kwa matumizi, lijaze kwa kijiti cha mti mgumu na gundi, utoboe upya.

---

SWALI: Mimi niko Mombasa, sijawahi kukanyaga barafu, ila napenda historia ya vifaa. Nimesoma kwamba Ulaya ya Mashariki skeiti za zamani ziliitwa "halifaksi". Halifax si mji wa Kanada? Na kwa nini watu waliacha kufunga chuma kwenye kiatu cha kawaida?

JIBU: Ndiyo, ni Halifax ile ile ya Nova Scotia, ingawa kiwanda chenyewe kilikuwa ng'ambo ya bandari, Dartmouth. Starr Manufacturing ilianza mwaka 1861 kwa kutengeneza misumari. Miaka michache baadaye John Forbes akaipatia skeiti isiyohitaji kamba, skrubu wala ufunguo. Chini ya mguu kuna wenzo mmoja; unaufungua, unakanyaga, unaufunga ukalale sambamba na bapa, na vibano vya soli na vya kisigino vinabana kwa pigo moja. Upana unaurekebisha mara moja tu kulingana na buti lako, basi. Kwa mtu aliyezoea kuhangaika na mikanda ilhali mikono imekufa baridi, hilo lilikuwa jambo kubwa. Kiwanda kiliuza zaidi ya jozi milioni 11 mpaka kilipoacha kutengeneza skeiti mwaka 1939, na jina la mji likageuka jina la kifaa.

Kabla ya hapo kila njia ilikuwa na kasoro yake. Katika karne ya 12, William FitzStephen aliandika jinsi vijana wa London walivyofunga mifupa ya wanyama chini ya miguu na kujisukuma kwa fimbo zenye ncha ya chuma. Mfupa ulihitaji kamba tu, kwa sababu mtu hakuegemea ubavu. Alijisukuma kwa mikono kwenda mbele. Bapa la chuma lenye makali ndilo lililoleta shida ya kufunga, kwa kuwa nguvu inakwenda pembeni. Wapo waliozamisha kipande cha shaba kisiginoni chenye tundu kama la kufuli, na kwenye skeiti kukawa na kitufe: unaingiza, unageuza, kinafungika. Kazi safi, ila ukitembea kutoka nyumbani mpaka ziwani lile tundu linajaa theluji na mchanga, unafika kitufe hakiingii.

Walioacha kwanza ni wachezaji wenyewe. Mmarekani Jackson Haines, miaka ya 1860, alifunga mabapa moja kwa moja kwenye buti zake kwa skrubu, akaweza kuruka na kuzunguka bila hofu ya kuachiwa. Watu wa kawaida waliendelea na vibano kwa miongo mingi, maana buti moja lilitosha kwa kazi, kanisa na barafu. Soli za mpira zilipoenea, vibano vikakosa cha kuuma.

---

SWALI: Nasoma Moscow. Kwenye picha ya zamani nimeona mtoto amefunga skeiti juu ya buti za manyoya yaliyoshindiliwa, kwa kamba na kijiti. Kijiti ni cha nini?

JIBU: Hizo ni snegurki, zenye ncha ya mbele iliyojikunja kama konokono, na buti ni valenki. Kamba inafungwa ikiwa bado imelegea, kijiti kinapitishwa chini yake na kuzungushwa mpaka kamba ijisokote na kukaza, kisha ncha yake inachomekwa chini ya kamba nyingine isirudi. Mtoto anapata mkazo ambao vidole vyake visingeweza kuupata. Inawezekana kwa sababu valenki ni nene, inatawanya mkazo. Usiige kwenye kiatu chembamba: hicho ni kifaa kile kile cha kuzuia damu kwenye jeraha.

---

SWALI: Je, kuna skeiti ninazoweza kufunga leo kwenye buti zangu za kupandia milima? Niko Sweden, na natafuta pia za mtoto wa miaka minne.

JIBU: Zipo zote mbili. Za kwako ni zile za safari ndefu za maziwani: bapa la takriban sentimita 45 hadi 55 chini ya bamba, kikombe cha kisigino nyuma, na mikanda ya plastiki yenye meno inayokazwa kwa kusukuma kishikio. Hazibani ukingo wa soli, zinalifunga buti zima kutoka juu, ndiyo maana mpira hauzisumbui. Buti iwe ndefu kupita kifundo na soli isiyopindika kirahisi. Ikipindika ukiikunja kwa mikono, itapindika pia juu ya bamba na mikanda italegea kila dakika tano. Raba za michezo usizijaribu. Fungua na ufunge mikanda mara kadhaa ukiwa na glavu, nyumbani, kabla hujafika ziwani.

Za mtoto ni zenye mabapa mawili sambamba na bamba linalovutwa kurefuka. Lirefushe mpaka kisigino kigote nyuma kabisa, funga mkanda wa mbele kisha wa kifundo, ncha zilizobaki uzichomeke ndani. Ncha ndefu inayoburuzwa hukanyagwa na mguu wa pili, na mtoto huanguka kifudifudi.