Usiandike "L" kabla hujajua kama ipo

Kila muhula kosa ni lile lile, na kila mara linauma. Mwanafunzi anapewa mfuatano, anaandika "kikomo kiwe L" (kikomo ni namba ambayo mfuatano unaisogelea kadiri unavyoendelea), anatatua mlinganyo, anapigia jibu mstari. Jamani, tulieni kwanza.

1. Chukueni xₙ₊₁ = 2xₙ + 1, mkianzia 1. Andika L = 2L + 1, utapata L = −1. Sasa hesabu kwa mkono: 1, 3, 7, 15, 31. Aljebra haijakosea popote. Imesema kikomo kikiwepo lazima kiwe −1; kama kipo, hukuiuliza.

Kosa hili liliwapata hata wakubwa. Mwanahisabati Riemann aliitegemea kanuni ya Dirichlet: nishati ya fanksheni (intigrali ya mraba wa mteremko wake) haishuki chini ya 0, kwa hiyo lazima kuwe na fanksheni yenye nishati ndogo kuliko zote. Mwaka 1870 mwanahisabati mwenzake, Weierstrass, akaonyesha shimo lilipo. Tafuta fanksheni laini u inayoanza na 0 pale x = −1 na kuishia na 1 pale x = 1, huku intigrali ya (x·u′)², u′ ikiwa mteremko wa u, ikiwa ndogo kabisa. Ifanye u ipande ghafla karibu na x = 0, ambako x ndogo inameza ukali wa mteremko, na intigrali itaisogelea 0 kadiri utakavyo. Ila kuigusa 0 kunadai u′ iwe 0 kila mahali, na fanksheni isiyopanda haitoki 0 ikafika 1. Sakafu ipo, anayeikanyaga hayupo. Riemann alikuwa ameshafariki tangu 1866.

2. Ukamilifu, yaani kila mfuatano unaobanana kuwa na pa kufikia humo humo, ndio unaoziba shimo la namna hii. Tazama 1, 3/2, 17/12, 577/408, kila hatua ikiwa wastani wa x na 2/x. Mraba wa 577/408 umezidi 2 kwa 1/166464 tu. Namba hizi zinabanana, yaani ni mfuatano wa Cauchy, lakini ndani ya namba za sehemu (kama 3/2) peke yake hakuna pa kufikia, maana zinaisogelea √2. Ndani ya namba halisi papo. Na angalieni: hatua kupungua hadi 0 hakutoshi, maana 1 + 1/2 + 1/3 + … haina kikomo.

3. Teoremu ya Banach inasema: ndani ya nafasi kamilifu, fanksheni isiyotoka humo na inayobana kila umbali hadi usizidi k mara ya ulivyokuwa, k ikiwa namba moja chini ya 1, ina nukta isiyohama, yaani x ambayo fanksheni inairudisha x ile ile. Basi onyesheni hiyo k. Fanksheni x + 1/x, kuanzia 1 kwenda juu, inapunguza kila umbali, ila nukta isiyohama haina.

4. Mfuatano unaopanda chini ya dari una kikomo. Kwa xₙ₊₁ = √(2 + xₙ) mkianzia 1, thibitisheni kwanza kwamba unapanda na hauvuki 2. Hapo ndipo muandike L = 2.