Uchi hufunuliwa mkunga: barua kwa mwanangu

Mwanangu kipenzi,

Tumsifu Yesu Kristo. Huku Bagamoyo hatujambo sote, isipokuwa goti la baba yako, na hilo umelizoea.

Swali lako si la kujibiwa kwa ujumbe wa simu, ndiyo maana nimekaa chini niandike. Umesema katika jumuiya yenu huko Dodoma, kila Jumamosi asubuhi mkishasoma Injili na kutafakari, mwenyekiti huzunguka mmoja mmoja ili kila mtu ataje nia yake. Zamu yako ikifika unaombea amani ya nchi. Unauliza kama huko si kumdanganya Mungu mbele ya watu. Unauliza pia kama hiyo mimba uwaambie au uwanyamazie, na kama ni kunyamaza, jumuiya ina faida gani, si bora ubaki nyumbani usali na mumeo.

Niache kwanza nicheke. Hiyo amani ya nchi imeombewa sana katika jumuiya zetu! Uhazini huu nimeushika miaka mingi, watu nimewasikia, na mtu akiombea amani ya nchi Jumamosi tatu mfululizo, basi nyumbani kwake hakuna amani. Usidhani mwenyekiti wako hajui. Wazee hujua, wenye busara hunyamaza. Na uongo si uongo. Nchi inaihitaji hiyo amani.

Lakini ukitaka maneno yaliyo karibu zaidi na moyo wako, sema tu, "Nina nia ya moyoni, naomba mniombee." Basi. Akitokea wa kukuuliza ni nia gani, mwambie Mungu anaijua. Yule mwanamke Hana wa Agano la Kale alipokwenda hekaluni kuomba mtoto, kuhani Eli aliona midomo inacheza na sauti haitoki, akadhani amelewa. Alipojibiwa kwamba huyu ni mwanamke mwenye huzuni rohoni, hakumdai habari zaidi. Alimwambia aende kwa amani, Mungu amjalie haja yake. Soma vizuri, mwanangu: haja yenyewe Eli hakutajiwa. Aliibariki bila kuijua.

Najua kuna atakayekutupia ile methali, mficha uchi hazai. Sisi wanawake wa WAWATA, chama chetu cha wanawake Wakatoliki, tunaipenda, hasa tukiwa na hamu ya kujua jambo. Methali ni ya kweli. Ila uchi hufunuliwa mkunga, haufunuliwi baraza zima. Tena Elisabeti, mke wa Zakaria, alikuwa amengoja mtoto mpaka uzeeni, akapata mimba, na Luka anasema alitawa miezi mitano. Miezi mitano! Na hatusomi popote kwamba alikemewa kwa kujitenga. Wa kwanza kuletewa habari alikuwa Maria, jamaa yake, akaja akakaa naye miezi kama mitatu. Majirani walisikia baadaye, nao wakafurahi pamoja naye. Kila mtu alikuwa na wakati wake wa kujua.

Ya mwaka jana sitaki kuyachokoa, lakini najua ndiyo yaliyokufunga mdomo. Mimba ilitangazwa ikiwa changa, na aliyeitangaza si wewe. Ilipotoka, kazi ya kutangaza ikarudi kwako, kwa kila aliyekusimamisha njiani kukuuliza mtoto anaendeleaje. Hakuna aliyeuliza kwa ubaya. Tatizo ni kwamba msiba wa namna ile hauna turubai, hauna daftari la rambirambi, hauna kaburi la kuwekea shada. Akifa mzee, sisi wanajumuiya tunajua la kufanya hata usingizini: nani alete sufuria, nani akaongee na padre, nani akeshe na mjane. Mimba ikitoka hatujui tuje na nini, kwa hiyo tunakuja na maneno. Mungu atakupa mwingine. Bora imetoka mapema. Wewe bado kijana. Maneno yale, hata yakisemwa na mtu aliyeshika rozari, ni maneno ya kumharakisha mtu atoke kwenye msiba wake ili sisi tupumue.

Unamkumbuka jirani yetu wa mlango wa pili, siku zile uliporudi nyumbani kupumzika? Mwislamu wa watu, hajui hata fungu moja la rozari. Alikuja na chupa ya uji wa pilipili manga, ule anaopikiwa mzazi, akakaa nawe mkekani mpaka ukaumaliza. Hakusema kitu. Mtoto hakuwepo, lakini yeye alikupikia uji wa mzazi. Mimi nilitoka nje nikalia, kwa sababu katika wote waliokuja, yeye peke yake ndiye aliyekuhesabu kuwa umezaa. Katika jumuiya yangu nimelisema hilo, kwamba tukipata msiba kama ule twende na uji, tusali Baba Yetu na Salamu Maria, turudi makwetu. Wengine wamelipokea. Wengine bado wanapenda kuhubiri.

Umbea upo, sikufichi. Na umbea wa kanisani ni hodari wa kuvaa kanzu: "Tumwombee dada yetu fulani, maana nasikia mumewe siku hizi halali nyumbani." Hapo Mungu ameombwa nini? Sisi tuna desturi moja inayotusaidia, kwamba habari ya mtu huiombei hadharani kama hakukutuma. Ukimhurumia, mwombee kwako. Kama jumuiya yenu haina desturi hiyo, ipendekeze siku moja, taratibu, usije ukaonekana mgeni aliyekuja kuwafundisha watu. Na lile kundi la WhatsApp la jumuiya, humo weka matangazo na michango, usiandike ugonjwa wala mimba. Nia ikishaandikwa mle haina mwenyewe tena.

Sasa kuhusu kubaki nyumbani. Hapo hatukubaliani.

Bwana Yesu mwenyewe, usiku ule wa Gethsemani, hakubaki peke yake. Wanafunzi wengine aliwaambia wakae, akawachukua Petro, Yakobo na Yohana tu, na hao ndio aliowaambia kwamba roho yake ina huzuni nyingi kiasi cha kufa, wakeshe pamoja naye. Nao wakalala! Akarudi akawakuta wamelala, akaenda kusali, akarudi tena. Mimi huwa nalitazama hilo la kurudi. Alijua ni watu wa kusinzia, lakini alirudi kwao. Nawe chagua wawili watatu. Usitafute wasiosinzia, hawapo. Tafuta mwanamke mmoja mtu mzima aliyewahi kuzika mtoto, huyo hatakuletea maneno mengi. Mke wa mwenyekiti namwogopa kidogo kwa jinsi ulivyonisimulia.

Nakuomba usijitenge kwa sababu huko Dodoma huna mtu. Mumeo akiwa safarini, saa nane za usiku ukashikwa na uchungu, mimi niko pwani. Atakayegonga geti ni mwanajumuiya wa nyumba ya tatu. Maaskofu wa AMECEA, ule umoja wa mabaraza ya maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, walipoamua mwaka 1976 kuzikazia jumuiya ndogondogo, mimi nilikuwa mtoto, na bibi yako alinung'unika kwamba Misa ya Jumapili inatosha, mambo ya kuingia majumbani mwa watu ya nini. Uzeeni, miguu ilipomkatalia kanisa, jumuiya ndiyo ilimletea kanisa chumbani, na hao hao aliowanung'unikia ndio waliomwosha.

Kwa watu wa hapa jambo hili si geni. Mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu walipohamia Bagamoyo kutoka Unguja mwaka 1868, Wakristo waliokaa nao kijijini walikuwa watu waliokombolewa utumwani, kila mmoja na kabila lake, wasiojua hata njia ya kurudia kwao. Akizaa mmoja wao, nani amwite mjomba? Akifa, nani aketi kitako kumlilia? Ni huyo aliyesali naye asubuhi. Kabla ya kuitwa jumuiya ilikuwa ni ukoo wa watu wasio na ukoo, na wewe huko ugenini ndivyo ulivyo.

Na pale misheni, kwenye mnara wa kanisa la kwanza, ulipolazwa mwili wa Livingstone Februari 1874, watalii humwaza yeye. Mimi huwawaza watumishi wake, Chuma na Susi na wenzao, waliombeba kutoka kwa Chitambo, Zambia ya leo, safari ya miezi na miezi. Mbele ya safari waliona maiti haitaruhusiwa kupita. Wakafunga mabua kwa mfano wa maiti, wakajifanya wanairudisha Unyanyembe, kule Tabora, ikazikwe, na mwili wenyewe wakaufungasha kama robota la nguo. Msiba ukapita katikati ya watu kama bidhaa. Nani atawaita waongo? Njia ile haikuwa mahali pa kuufunua. Walipofika hapa, robota likawa maiti tena, likaingizwa kanisani. Wewe bado uko njiani, ficha unachoficha. Ila uende ukijua kuna mahali pa kutua.

Limebaki la furaha, na hilo ndilo ambalo hukuniuliza. Paulo alipowaandikia Warumi alisema, "Furahini pamoja nao wafurahio, lieni pamoja nao waliao." Furaha ameitanguliza. Sisi tumeshika nusu ya pili barabara, ile ya kwanza inatushinda. Kulia na mtu ni rahisi, yeye yuko chini nawe unamwinamia. Kufurahi na aliyepata usichonacho ndiyo kazi. Ndiyo maana watu hapa wakipata kazi hawasemi, mtoto akifaulu hawasemi, daktari akisema uvimbe umeisha hawasemi. Wanaogopa kijicho. Wengine wanaogopa mimi mhazini, kwamba kesho nitawapandishia mchango, na hofu hiyo ina msingi. Kuna mzee mmoja wetu Jumamosi moja alisimama akatoa shukrani kwamba baiskeli yake iliyoibiwa sokoni imepatikana, ila kengele tu haipo. Tulicheka, kisha tukamwimbia Aleluya nzima. Sikumbuki kikao kilichotuchangamsha kama kile.

Kwa hiyo miezi ikisogea, moyo wako ukitulia, furaha hii wapelekee kwa kinywa chako mwenyewe. Usiwaachie walione tumbo. Kama kuna mwenzenu naye anangoja mtoto, mfuate kwanza faraghani umwambie, asije akaipokea habari mbele za watu huku wote wanamtazama uso. Akilia, kaa naye. Hapo ndipo utakuwa umesali naye kweli, hata kama rozari imebaki mkobani.

Mimi nia yako nimeshaipeleka parokiani. Juu ya bahasha niliandika "kwa nia ya familia," na padre akaisoma hivyo hivyo Misa ya kwanza. Baba yako akanigeukia pale pale kwenye benchi kuniuliza nia gani. Nikamwambia Mungu anaijua. Ukitaka naye ajue, mpigie mwenyewe, lakini usikawie sana, maana ameanza kudhani nataka kuuza kile kiwanja cha Kiwangwa.

Msalimu mkwe wangu. Kula matembele.

Mama yako