Wasiwasi ulinianza kabla hedhi haijakatika

Nilikuwa na miaka 46 nilipoanza kuiogopa feri. Mimi mtoto wa Likoni, Mombasa, niliyevuka tangu nikibebwa mgongoni! Asubuhi ile tumebanana, feri imeshaondoka, mara moyo ukanienda mbio kama mtu anayefukuzwa. Joto likapanda kutoka kifuani hadi masikioni, leso ikarowa shingoni. Nikajua nakufa. Mama mmoja nisiyemjua akanishika mkono, akanipepea kwa ncha ya mtandio wake mpaka tukafika ng'ambo.

Nilikokwenda mwanzo niliambiwa ni mawazo tu, nikapumzike. Nyumbani wakataka nisomewe. Nikasomewa, na kisomo kilinituliza roho, sikatai. Lakini saa tisa za usiku macho yalikuwa makavu, nikiwaza kila baya linaloweza kuwapata wanangu.

Daktari mwingine ndiye aliyeniuliza, "Siku zako zinakujaje?" Zilikuwa zikija mara mbili mwezi huu, mwezi ujao hazionekani. Akanieleza kwamba hedhi huhesabiwa imekoma ikipita miezi 12 mfululizo bila damu, na kwamba miaka kadhaa kabla ya hapo homoni ya estrojeni hupanda na kushuka ovyo, ikavuruga usingizi na utulivu wa moyo. Hata hivyo alinipima presha, wingi wa damu na tezi ya shingo, kwa sababu upungufu wa damu au tezi iliyozidi kasi pia huukimbiza moyo. Dada yangu, usikubali kuambiwa "ni umri huo" kabla hujapimwa hivyo. Na damu ikitoka nyingi kupita kawaida, au ikirudi baada ya ile miezi 12, usingoje.

Kahawa chungu ya baada ya magharibi nimeiacha, na hilo liliniuma, lakini usingizi ulirudi. Alfajiri natembea kando ya bahari pale Mama Ngina na shoga yangu kabla jua halijawa kali. Tukifika kwenye mibuyu tunaambiana yote. Mume wangu nilimweleza nikilia. Kumbe alidhani nimemchoka.

Dawa za homoni zipo, ila hazimfai kila mtu, hasa aliyewahi kuugua saratani ya matiti au kuganda damu mishipani. Zungumza na daktari, usijinunulie tu dukani.

Juzi nilivuka jioni, feri imejaa. Katikati ya maji moyo ulianza kudunda. Nikavuta pumzi polepole, nikamwambia binti yangu, "Nishike mkono." Akanishika.